Mabati ya Mkamwini

Lori lilipofika Kamphenga kuchukua tumbaku, Enelesi alipanda kabla ya robota la kwanza. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani, amejifunga vitenge viwili kiunoni, na mkononi ameshika kapu lenye unga, chumvi na sufuria. Akakaa juu ya tairi la akiba, akanyoosha shingo, akawatazama majirani kana kwamba lori lile ni mali yake.

Mumewe, Saizi, alikuwa chini na wanaume wenzake wakibiringisha marobota. Akaacha, akapangusa jasho.

"Mama Lonjezo, wapi tena?"

"Mnadani."

"Mnadani wanakwenda wanaume, mama."

"Wanaume wamekwenda miaka yote, na mimi kila ikinyesha natega mabeseni kitandani. Mwaka huu nakwenda kuiona hiyo bei kwa macho yangu. Nijue ina pembe au ina mkia."

Wanawake wakapiga vigelegele. Wanaume wakacheka, wengine kwa raha, wengine kwa kuogopa wake zao wasije wakaiga. Kamphenga nzima iliijua desturi: mume anaondoka na marobota, anarudi baada ya wiki mbili na hadithi. Kulikuwa na ushuru, kulikuwa na mkopo wa mbolea, kulikuwa na nauli ya lori, na bei nayo ilianguka siku ileile. Saizi hakuwa mlevi, na hadithi zake pengine zilikuwa za kweli, lakini hadithi haiezeki nyumba.

Na mwaka huu nyumba ilikuwa haina ujanja tena. Kuta zilikuwa za matofali ya kuchoma, imara, ila juu ni nyasi, na nyasi zilikuwa zimeoza mpaka uyoga unaota. Saizi alikuwa ametamka mwenyewe, mbele ya watoto: tumbaku ikiuzwa, mabati. Tumbaku yenyewe ilikuwa imekubali. Majani mapana, yamekauka vizuri bandani, rangi ya njugu za kukaanga, marobota sita. Wiki nzima Enelesi alikuwa akiamka usiku na kucheka peke yake gizani.

Kabla lori halijaondoka, mjomba Chimbalanga akafika, fimbo kwapani. Yeye ndiye kaka mkubwa wa mama yake Enelesi, mwenye ukoo na mwenye ardhi. Kwa Wachewa mwanamume huoa akahamia kwa mkewe, akalima shamba la kina mke, na jina lake tangu siku hiyo huwa mkamwini. Saizi alikuwa mkamwini kwa miaka kumi na miwili.

"Mkamwini," mjomba akaita, "marobota ya mpwa wangu umeyafunga vizuri? Yasije yakafunguka njiani kama suruali ya mlevi."

"Nimeyafunga, mzee."

"Kaza tena. Hiyo tumbaku imetoka kwenye ardhi ya dada zangu." Kisha akamwinulia Enelesi fimbo, kwa furaha. "Mpwa wangu, umefanya la maana kwenda. Jogoo wa kuazima hapewi funguo za banda!"

Watu wakaangua kicheko. Saizi naye akacheka, kwa sababu asipocheka ataambiwa ana kiburi, kisha akapanda na kukaza tena kamba ambayo tayari ilikuwa imekazwa. Enelesi alicheka kuliko wote. Alikuwa na furaha mno kiasi cha kutomtazama mtu usoni.

* * *

Walifika Mponela, na Mponela lori likakata tamaa. Foleni ya kituo cha mafuta ilianzia kwenye pampu, ikapita soko, ikapita msikiti, ikaishia ambako hata waliokuwa mwisho hawakujua wanapangia nini. Dereva, Gibisoni, mtu wa maneno mengi na meno machache, alishuka akaenda kuuliza, akarudi anatikisa kichwa.

"Dizeli hakuna."

"Kwa nini hakuna?" Enelesi akauliza kutoka juu ya tairi lake.

"Sisi hatuna bahari, mama. Dizeli inashukia bandarini kwa watu, na wenye nayo hawataki kwacha zetu. Wanataka dola. Na nchi haina dola."

"Dola zimekwenda wapi?"

Gibisoni akaelekeza kidole kwenye marobota. "Mmezikalia."

Enelesi alitazama chini ya makalio yake, kisha akacheka mpaka akashika tumbo. Nchi inangoja tumbaku ipate dola za dizeli, na tumbaku inangoja dizeli ifike mnadani! Alilirudia jambo hilo kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi, akalirudia tena kwa sauti ya juu zaidi, na mama huyo akamwongezea kiazi kimoja bure, kwa heshima ya mtu aliyekalia dola za taifa. Tangu azaliwe, Enelesi hakuwahi kuambiwa kwamba kuna mtu mkubwa yeyote anayemngoja yeye.

Jioni Gibisoni alinunua dizeli kwa vijana wa madumu, mara mbili ya bei, na akasema bila haya kwamba nyongeza hiyo itakatwa kwenye tumbaku. Saizi alibisha kidogo, akakubali upesi. Enelesi alimwona akimvuta dereva kando ya lori, wakanong'onezana, na dereva akaitikia kwa kichwa. Alidhani wanazungumzia nauli.

* * *

Mnadani! Enelesi aliingia kwenye ukumbi wa mauzo, akasimama. Marobota yalipangwa safu kwa safu, hata macho yakachoka kabla ya kufika mwisho, na harufu ya tumbaku ilikuwa nzito kiasi kwamba ulipiga chafya ukafurahi. Dalali alikuwa anatembea kando ya safu akiimba bei kwa kasi, hujui anavuta pumzi saa ngapi, na ng'ambo yake wanunuzi wanaume wanne wenye mashati meupe wakitembea pamoja naye. Huyu anapandisha kidole, yule anakonyeza jicho, karani anaandika bei kwenye tiketi, anaitupa juu ya robota, wamepita. Jasho la mwaka mzima lilikuwa linauzwa kwa muda wa kufunga kamba ya kiatu.

"Yetu ni yale," Saizi akasema. Sauti yake ilikuwa kavu.

Enelesi aliyajua marobota yake kama mtu anavyowajua watoto wake katikati ya shule. Alisimama kando yao, mikono nyuma. Kundi likaja, dalali akaimba, mnunuzi mmoja akachomoa jani, akalikunja, akalitupa, na kidole kikapanda mara moja tu. Tiketi ya kwanza ikaanguka, na nyingine tano zikaifuata.

"Imeandikwa nini?" Enelesi hakuwa hodari wa tarakimu za haraka.

"Dola moja na senti kumi kwa kilo," Saizi akasema. "Tushukuru. Twende."

"Moja na senti kumi? Redio wiki iliyopita ilisema mbili na zaidi kwa jani kama hili!"

"Redio hailimi. Mama Lonjezo, twende."

"Ukitoa mbolea, ukitoa nauli, ukitoa dizeli ya madumu, inabaki nini? Bati ngapi?"

"Zinatosha."

"Zinatoshaje? Nyumba ina vyumba vitatu!"

Saizi aligeuza uso. Alikuwa anatazama mlangoni, alikosimama Gibisoni. Mzee mmoja mwenye kofia ya majani, aliyekuwa akiangalia marobota yake mwenyewe kando yao, alinung'unika kama anayezungumza na kofia yake: "Mwenye mali akikataa bei anachana tiketi. Ndiyo sheria. Ila nani atathubutu? Ukichana unalipia ghala, na kesho wanaweza kukupa senti tisini." Tiketi zake yeye zilikuwa mkononi, nzima.

Enelesi akainama. Aliokota tiketi ya kwanza na kuichana mara mbili. Aliokota ya pili. Ya tatu alikuwa anaichana anaimba, wimbo wa kutwanga mahindi, wala hakujua kwamba anaimba.

Dalali akanyamaza. Ukimya ukatoka safu ile ukaenda safu nyingine, mpaka wakasikika ndege darini. Karani alirudi mbio, uso umemwiva.

"Mama! Mama, unafanya nini? Mwenye namba ya mkulima ndiye anayechana. Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyemwagilia kitalu."

"Sikuulizi kitalu, nauliza namba! Namba hii imeandikwa jina la Saizi. Yuko wapi Saizi?"

Macho yote yakamgeukia Saizi. Alikuwa na njia mbili, na zote zilikuwa na miiba: akisema mke wake amekosea, atakuwa mwanamume aliyefanywa mjinga na mkewe mbele ya wakulima wa wilaya nzima. Akisema hakukosea, pesa ya leo basi.

"Namba ni yangu," akasema. "Mkono ni wake. Nilimwambia achane."

Yule mzee mwenye kofia akacheka kicheko kimoja kikali, akachana tiketi zake zote kwa mkupuo. Jirani yake akachana. Kisha kukawa na sauti kama mvua inapoanza kwenye mahindi, kra, kra, kra, safu ya nne, safu ya tisa, karatasi zikaruka juu, watu wakapiga miluzi, kina mama waliokuwa nje ya uzio wakadaka wimbo, na dalali akakaa juu ya robota akajifuta shingo kwa leso. Biashara ya siku hiyo ikafungwa kabla ya saa tano. Enelesi alikuwa amesimama katikati ya makaratasi, hajui kama ana woga au ana furaha, na ukweli ni kwamba vilikuwa vyote viwili.

* * *

Nje ya uzio, chini ya ukuta walikopikia wakulima, Gibisoni aliwafuata akiwa amekasirika.

"Bwana Saizi, umenifanya nini sasa? Tulikubaliana mabati tunapakia leo, kesho asubuhi nipo Dedza. Dizeli ya Dedza nimeshainunua, imo kwenye tangi!"

Enelesi alikuwa anapuliza moto. Akainua kichwa, macho yamejaa moshi.

"Mabati gani ya Dedza?"

Gibisoni aliangalia huku na huku, akaona alichofanya, akaondoka bila kuaga.

"Baba Lonjezo. Mabati gani ya Dedza?"

Saizi alikaa chini, mgongo ukutani. "Ya nyumba ya mama yangu."

"Na yangu?"

"Mwakani."

Enelesi aliweka mwiko juu ya kifuniko, taratibu, kwa sababu aliogopa atakachokifanya nao. "Kwa hiyo moja na senti kumi zilitosha. Zilitosha za mama yako! Umeniacha nimepanda lori nacheka kama mwendawazimu, kumbe nalisindikiza paa langu linahama. Mwizi wewe. Heri ungelewa, Saizi! Mlevi najua pa kumtafuta."

"Sema tu."

"Nasema! Kwa nini?"

Saizi akasukuma kuni motoni mpaka maji yakachemka. Alipoanza, alizungumza na vidole vyake.

"Kule Dedza mimi ni mjomba. Nikikohoa, watoto wa dada zangu wanasimama. Kwenu nikikohoa naulizwa kama nimeacha kuvuta. Miaka kumi na miwili. 'Mkamwini, kaza kamba.' 'Mkamwini, ng'ombe wameingia.' Juzi mjomba wako amenituma nimnunulie chumvi mbele ya mwanangu, na chenji akaihesabu mara mbili. Sawa, hayo nimeyazoea, hata mbwa huzoea. Lakini nikumbushe: Wilesi alipewa siku ngapi?"

Enelesi akaitazama sufuria.

Wilesi alikuwa mume wa Filesi, dada yake Enelesi. Filesi alipokufa, Wilesi alikaa mpaka matanga yakaisha. Asubuhi yake mjomba Chimbalanga alimwita uani, akamkabidhi jembe lake na blanketi lake, akamshukuru kwa kazi, akamwambia njia ni nyeupe. Nyumba aliifyatulia matofali yeye, akaijenga yeye, akaiezeka yeye kwa mabati ya mwaka ambao tumbaku ililipa. Alisimama barabarani akaitazama mpaka watoto wakaona haya kwa ajili yake.

"Na mimi siku yangu itakuja," Saizi akasema. "Ukifa wewe, au mkinichoka. Nitapewa jembe. Nikaona, angalau mwaka mmoja wa jasho langu ukae mahali ambapo sitafukuzwa. Nilikosea kutokuambia. Ningekuambia, ungekwenda kwa mjomba."

"Ningekwenda," Enelesi alikiri. Hasira ilikuwa bado imemkaba, na aliitaka, aliing'ang'ania, lakini kitu kingine kilikuwa kinaisukuma. "Lile blanketi la Wilesi," akasema, "nililikunja mimi. Mjomba alisema kunja, nikakunja. Nilikunja vizuri, pembe kwa pembe."

Walikula nsima, ugali wa kwao, kila mmoja akitazama upande wake. Lakini Enelesi alimpakulia mumewe kwanza, na kijiko cha mboga alichokizidisha hakikuwa bahati mbaya.

* * *

Mnada ulifungwa siku tatu. Siku tatu hizo! Wakulima walilala kando ya uzio, wakaimba, wakagawana viazi, wakabishana dini na mpira. Redio zilikuwa zinataja mnada kila saa, na kila zilipotaja watu walipiga kelele kama timu yao imefunga bao. Wakubwa walifika na magari, wakaingia ofisini, wakatoka, wakarudi tena. Saizi alikuwa amekonda kwa wasiwasi, lakini watu walikuwa wanakuja kumpa mkono: "Wewe ndiye uliyemwambia mkeo achane? Bwana, una moyo!" Mara ya kwanza alitaka kukana. Mara ya kumi alikuwa anaelezea jinsi alivyomkonyeza. Enelesi alimsikia akidanganya, akageuka pembeni akacheka ndani ya kitenge.

Siku ya nne dalali akaanza kuimba. Wanunuzi walitembea polepole safari hii, na vidole vilikuwa vinapanda juu ya vidole. Tiketi ilipotua, Enelesi hakumngoja mtu amsomee. Alikuwa amejifunza kwa yule mzee wa kofia, siku tatu nzima, kwa kuchora mchangani.

"Mbili," akasoma. "Mbili na senti ishirini. Baba Lonjezo! Mbili na senti ishirini!"

Akamrukia shingoni mbele ya watu, jambo ambalo kwao halifanywi hata siku ya harusi, na Saizi, badala ya kumsukuma, alimzungusha mpaka kiatu kimoja cha kanisani kikaruka kikampiga karani.

Benki fedha ziliingia kwa jina la Saizi. Akaingia peke yake, Enelesi akakaa kizingitini. Sasa ndipo alipoogopa. Benki ilikuwa na mlango wa nyuma, stendi ya magari ya Dedza ilikuwa ng'ambo ya barabara, na wapigadebe walikuwa wanaita Dedza, Dedza, viti viwili bado. Akajiapiza hatasimama kuchungulia. Akasimama akachungulia. Akakaa tena.

Saizi alitoka kwa mlango uleule alioingilia. Akamwekea bahasha mapajani.

"Mabati hayagawanyiki," akasema. "Nusu huku na nusu kule, tutanyeshewa wote. Amua wewe. Ukisema Kamphenga, Kamphenga. Ila usinitake nicheke."

Enelesi aliishika bahasha kwa mikono miwili. "Kamphenga," akasema. "Na usicheke. Lakini kuna neno nitalisema siku ya kuezeka, mbele ya mjomba, na sikuambii sasa, kwa sababu nikikuambia utanikataza."

* * *

Siku ya kuezeka watu walikuja bila kualikwa, maana harufu ya togwa haihitaji barua. Kenchi zilikuwa zimeshasimama, na mabati mapya yalikuwa yamelazwa uani yakiwaka jua hata kuku wakayaogopa. Saizi alikuwa juu, nyundo mkononi, hacheki. Alikuwa anapiga misumari kwa uchache, mmoja huku, mmoja kule, kazi ya kibarua anayesubiri jioni.

Mjomba Chimbalanga alikuwa amekaa kwenye kiti cha pekee. "Mkamwini!" akaita. "Nyoosha hilo la kushoto. Nyumba ya mpwa wangu isije ikaonekana kama kofia ya mlevi!"

Watu walikuwa wameshaanza kucheka Enelesi alipotokea jikoni na kuku jike kwapani. Akapiga magoti mbele ya mjomba wake, akamweka kuku chini. Vicheko vikapungua. Kwao mpwa haleti kuku kwa mjomba ila ana shauri zito.

"Mjomba, nina neno."

"La leo? Lisingengoja togwa iishe?"

"Halingoji." Sauti ilimtetemeka, kisha ikapata miguu. "Kuta hizi ni za udongo wetu. Ni za kwetu. Hayo mabati si ya kwetu, ni ya Saizi. Nikifa mimi, au mkimchoka, asipewe jembe na blanketi. Atapanda hapo juu, atayang'oa yote, mpaka la mwisho, atayapeleka kwao Dedza, na mtu asimguse. Hawa wote ni mashahidi."

Mama yake Enelesi alijishika kichwa. Mjomba alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Unajitabiria kifo mbele za watu?"

"Dada Filesi hakujitabiria. Akafa."

"Usimtaje marehemu! Na wewe una akili kweli? Akiyang'oa, watoto wako watalala wapi? Watanyeshewa! Wajukuu wa dada yangu wanyeshewe kwa sababu ya mtu wa kuja?"

"Watanyeshewa, ndiyo," Enelesi akasema, machozi yakimtiririka wala hayafuti. "Basi msimfukuze."

Mzee yule aligeuka. Aliwatazama watu wamsaidie, nao wakatazama togwa. Alimtazama mpwa wake aliyepiga magoti, na yule kuku aliyefungwa miguu, ambaye hajui kwamba ameshikilia shauri la ukoo mzima. Kumwokota ni kukubali; akikataa, amwache chini. Kisha akainama akiguna, akamwokota kuku, akamtia kwapani.

"Nimesikia," akasema. "Lakini huu si uungwana, ni ujeuri." Akainua uso. "Na wewe huko juu! Umesikia?"

Saizi alikuwa ameshikilia kenchi, amegeuzia uso upande wa mlima, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Kisha akarudi kwenye bati la kwanza kabisa, lile alilokwisha kulimaliza, akaanza kulipigilia upya. Alipiga msumari. Kando yake akapiga mwingine. Akashuka kwa ngazi, akaingia ndani na nyundo, na wote wakasikia akizigonga ncha zilizochomoza chini ya boriti, akizikunja moja baada ya nyingine. Akapanda tena, na bati la pili akalifanya vilevile, msumari kila tuta, kelele hata mbwa wakatoka uani.

"Mkamwini!" mjomba akapaza sauti, kuku akipapatika kwapani. "Saizi! Ukipigilia hivyo, siku ya kuyang'oa utayang'oaje?"

"Sijui, mzee," Saizi akasema, msumari katikati ya meno. "Hayatang'oka."

"Baba Lonjezo!" Enelesi alikuwa ameshasimama, mikono kiunoni, machozi bado mashavuni, anafoka kama mtu aliyeibiwa. "Hiyo misumari ni ya nyumba na ya jiko! Unaimaliza yote! Unajua kilo bei gani?"

Saizi alijilaza tumboni juu ya bati la moto, akanyoosha mkono chini, kiganja wazi.

"Lete iliyobaki," akasema.

Enelesi akampa yote.